Taa Tatu na Mama Mkwe Asiyetaka Kuonekana

Mama mkwe wangu alipoanza kupoteza macho, alianza kuwakimbia wanaume wote. Naomba nieleweke. Kwetu Waluba, mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Heshima hiyo tunaiita buko. Akiniona njiani, anaacha njia, anaingia majanini na kujifunika kichwa kwa kitenge mpaka nipite. Mimi nami natazama upande mwingine kana kwamba kuna jambo kubwa linatokea huko. Hatuli pamoja, hatupeani mkono, na tukitaka kuzungumza tunamweka mke wangu katikati, hata kama tuko pande mbili za ukuta mmoja na kila mmoja anamsikia mwenzake akikohoa. Tuliishi hivyo miaka mingi kwa raha kabisa. Sijawahi kugombana na mwanamke yule, na nadhani sababu ni hiyo.

Shida ni kwamba ili umkimbie mkwe wako, lazima kwanza umwone. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulipomfunika macho yote mawili, mjane yule hakuweza tena kujua ni mwanaume gani ndiye mimi. Akaamua, kwa usalama, kuwakimbia wote. Alimkimbia mchunga mbuzi. Alimkimbia mwenye baiskeli aliyemletea samaki wakavu wa Kinkondja, samaki aliowaagiza mwenyewe. Siku moja aliinama na kujifunika mbele ya kinu ambacho mtu alikuwa amekitundikia koti. Kijiji kilicheka, na mimi nilicheka, sikatai. Halafu Jumapili moja katekista alimpelekea komunyo nyumbani. Mama akasikia viatu vya kiume, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma, akatumbukia kwenye kidimbwi cha kulowekea mihogo. Walimtoa na jeraha kwenye paji la uso, akitapika maji ya mihogo. Hapo hakuna aliyecheka. Mke wangu alikaa kule siku kadhaa kumwuguza, na aliporudi aliniambia kwamba mama yake atakufa, na kwamba kitakachomuua si macho bali ni heshima.

Wakati huo huo redio ya mjini ilitangaza kwamba madaktari wa macho wamefika katika hospitali moja hapa Kamina. Wangepasua watu kwa juma moja tu, kisha wangeondoka, na hakuna aliyejua kama wangerudi tena. Kijiji cha mama mkwe kiko kwenye barabara ya Kaniama, mbali mno kwa mguu, hasa mguu usioona unakokanyaga. Mke wangu alimpendekezea mototaksi. Mama alikataa. Alisema mototaksi inaendeshwa na mwanaume, na je, kama mwanaume huyo ni mimi?

Basi ikabaki kwadi yangu.

Niliipata kwadi hiyo kwenye shamba moja la ng'ombe upande wa Kaniama. Niliwatengenezea umeme wao wa jua, nao badala ya kunilipa wakanionyesha pikipiki la magurudumu manne lililolala zizini, wakasema nichukue. Injini ilikuwa nzima. Matairi yalikuwa mazuri kuliko ya magari mengi ya mjini. Lakini taa! Ya kushoto nyigu walikuwa wamejenga ndani yake. Ya kulia iliwaka njano, ikamulika gurudumu la mbele na kuishia hapo, kama vile kazi yake ilikuwa kunihakikishia kwamba gurudumu bado lipo. Panya walikuwa wamekula waya, na fundi aliyenitangulia alikuwa ameziunga kwa waya za chaja ya simu na kuzifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Mimi sikujali. Nilikuwa mtu wa mchana.

Tulikwenda kijijini kwa mazungumzo. Mama mkwe alikaa ndani ya jiko, mimi nikakaa nje nimegeukia mashamba ya mahindi, mke wangu akasimama mlangoni.

"Mwambiye ule muntu," mama akasema, kwa sauti ambayo ng'ambo ya mahindi waliisikia, "minyi siwezi kupanda ku kintu ya mukwe wangu. Bantu batasema nini?"

"Mama anasema hawezi kupanda," mke wangu akaniambia.

"Mwambiye mama, kinagonjwa ni macho, haiko bantu."

"Anasema kinagonjwa ni macho."

"Nimesikia. Minyi niko kipofu, siko kiziwi."

Ilichukua asubuhi nzima. Mwishowe mama alikubali, kwa masharti. Hatakaa nyuma yangu kwenye kiti kimoja. Nitafute remoki, ile toroli ya kuvutwa, naye atakaa humo na binti yake, mimi nikiwa nimempa mgongo. Kioo cha kutazamia nyuma king'olewe. Nilimweleza, kupitia mke wangu, kwamba kioo kile kinaonyesha malori tu. Akajibu kwamba kioo hakichagui. Na sharti la mwisho, ambalo hakutaka kulijadili hata kidogo: tutasafiri gizani, jua likishazama, ili mtu yeyote asimwone akivutwa na mkwe wake.

Hebu fikiria. Mwanamke asiyeona alitaka kusafiri gizani ili asionekane, na mimi nilihitaji mwanga ili nisimtupe mtaroni. Mtu yeyote mwenye akili angeona tatizo hapo hapo. Lakini mimi ni fundi wa redio na umeme wa jua. Nilichokiona ni waya.

Kesho yake nilikwenda Base, kwenye kambi, ambako wake wa wanajeshi wana soko lao dogo. Kuna mama mmoja pale, mume wake alitumwa kutoka Equateur na yeye akaja naye, anauza vipuri juu ya meza moja pamoja na mandazi. Ukimwuliza kitu anakujibu nusu Kilingala nusu Kiswahili, na bei zote ni za Kifaransa. Nilichagua taa mbili za LED, nzito, za mraba, za kufungwa mbele ya lori. Nikachukua relé moja, ile swichi ya ndani inayobeba umeme mzito, na fiuzi. Alipokuwa ananifungia akaniuliza safari ya wapi, nikamweleza yote. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa aproni. Kisha akainama chini ya meza akatoa taa ya tatu.

"Kamata, papa. Hii ni matabishi. Ni ya bokilo yako."

Bokilo ni mkwe kwao. Matabishi ni ile nyongeza ambayo muuzaji hukupa kwa moyo wake, juu ya ulichonunua. Kwa kawaida ni kitunguu, au ndizi. Hukatai matabishi. Ukikataa umemtukana mtu, na nisingeweza kurudi tena kwenye meza ile. Nilirudi nyumbani na taa tatu na pikipiki lenye nafasi ya taa mbili.

Siku ya kwanza ya kazi niliipoteza kwa kiburi. Nilitupa nyigu, nikafunga taa mpya mbele, nikaziunga kwenye waya za zamani zinazopita kwenye swichi ya usukani. Niliwahi kuwakataza wateja wangu jambo hilo hilo. Nikawasha. Taa zikawaka vizuri mno kwa muda wa kutosha kumwita mke wangu aje aone, na alipofika alikuta moshi unatoka kwenye usukani na mimi napuliza swichi kama uji wa moto. Waya nyembamba haziwezi kubeba mzigo ule. Ile harufu ilikaa kwenye nguo zangu mpaka zilipofuliwa mara ya pili.

Siku iliyofuata nilifanya inavyotakiwa. Nilichukua waya nene moja kwa moja kutoka kwenye betri, nikaweka fiuzi, nikapitisha kwenye relé, na swichi ndogo mpya ikawa na kazi moja tu ya kuiamuru relé. Bonyeza, relé inasema tak, na umeme wote unapita kwenye njia pana. Nilikwangua rangi kwenye chasisi mpaka chuma kikang'aa, nikafunga waya wa kurudi hapo. Kila kiungo nilikitia risasi ya kuyeyusha, nikakizungushia utepe, na juu ya utepe nikamwaga gundi, maana barabara ya Kaniama inafungua hata vitu ambavyo havijafungwa. Waya nyeusi iliniishia katikati ya kazi. Nikaendelea na nyekundu.

Ikabaki taa ya matabishi. Niliitazama ikinitazama. Niliogopa kuiacha nyumbani, maana yule mama wa Base angeniuliza bokilo ameionaje, na mimi siwezi kudanganya mbele ya mtu anayenipa vitu bure. Nikaifunga nyuma, juu ya ndoano inayoshika remoki, ili tuweze kuona ndoano ikifunguka. Nilijipongeza kwa wazo hilo. Relé ilikuwa moja, swichi ilikuwa moja, kwa hiyo nikaziunga taa zote tatu pamoja.

Lakini taa huwezi kuipima juani. Nilitoa mlango wa sebule, tukasukuma kwadi ndani, mke wangu akaziba madirisha kwa vitenge vyake. Nilichora mstari wa mkaa ukutani kuonyesha urefu ambao mwanga haupaswi kuupita, usije ukampofusha anayekuja mbele. Mke wangu hajanisamehe mstari ule na bado upo. Nikabonyeza. Tak. Ukuta ukawa mweupe, mende wote wa nyumba wakatoka kujisalimisha. Jirani aliyekuja kuomba chumvi alifungua pazia, akapiga ishara ya msalaba, akarudi kwake bila chumvi. Mimi nilipiga magoti mbele, nikirekebisha taa mpaka mwanga ukakaa sawasawa na mstari. Taa ya nyuma ilikuwa inamulika jikoni. Sikugeuka hata mara moja kuitazama.

Tulifika kijijini jioni. Nilibaki nje ya kijiji, nyuma ya kichuguu kikubwa, nikingoja jua lizame kama mwizi wa kuku. Giza lilipoingia nikasogeza kwadi mbele ya nyumba, taa zikiwa zimezimwa, nikakaa kwenye kiti changu nikitazama mbele tu. Nyuma yangu nilisikia mambo: magodoro yanapangwa, kuku analalamika, sufuria ya maharagwe inawekwa kwa uangalifu, maana hospitalini mgonjwa analishwa na watu wake. Remoki ikashuka kidogo. Mama amepanda. Mke wangu akapanda. Kijiji kilikuwa kimya, kila mtu yuko kwake anakula bukari, ugali wetu. Nilifurahi kwa jinsi mambo yalivyokwenda kwa heshima.

"Tayari," mke wangu akanong'ona.

Nikawasha injini na kubonyeza swichi.

Jogoo aliwika. Nasema kweli. Nyumba, miti, choo cha mwenyekiti, vyote vilitokea mbele yangu, vyeupe kabisa. Nikasema moyoni, kazi nzuri. Ndipo nikasikia mlio nyuma yangu, na nikaelewa taa ya matabishi inamulika wapi. Ilikuwa hatua moja kutoka kwenye remoki, imeinuliwa kidogo, na ndani ya remoki, juu ya magodoro, mama mkwe wangu alikuwa amekaa akikikabili kijiji chake chote, amewaka kama altare siku ya Pasaka.

"Zima!" mke wangu akapiga kelele. "Zima! Mama iko anaonekana muzima muzima!"

Watu walitoka na bukari mikononi. Simu zikainuliwa. Shangazi mmoja mzee, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, aliona mwanamke aliyefunikwa kitenge, ameketi juu ya magodoro mapya pamoja na sufuria na kuku, anaondoka kijijini kwa taa. Kwake hilo lilikuwa na maana moja tu. Akapiga vigelegele. Mwingine akauliza, "Nani anaoa mujane?" Hakuna aliyejua, lakini wimbo wa kumsindikiza bibi arusi walikuwa wanaujua, wakauanza.

Nikazima. Giza likarudi, tena zito kuliko lile la kwanza, na gurudumu la mbele likaingia shimoni. Remoki iliinama mpaka nikasikia kuku anaondoka na sufuria inagonga chuma. Mke wangu aliita mama yake. Nilijiona nimempeleka mwanamke yule hospitalini akiwa amevunjika shingo, nikiwaeleza madaktari wa macho kwamba ilikuwa ni kwa ajili ya adabu. Nikawasha tena. Wimbo ukaanza tena pale ulipokatikia.

Hivyo ndivyo tulivyotoka kijijini, mwendo wa maandamano, watu wanacheza nyuma ya remoki, mama ameinama chini ya kitenge. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Nilimchukia yule mama wa Base, relé yake, na mtu aliyegundua LED.

Tulipowaacha waimbaji nyuma nilisimama. Dawa ilikuwa rahisi: kukata waya wa taa ya nyuma. Lakini taa ile ilikuwa karibu na magoti ya mama mkwe. Nisingeweza kuifikia bila kusimama mbele yake, kwenye mwanga ule, uso kwa uso. Nilikaa kwenye kiti changu, nikatazama barabara, nikamwelekeza mke wangu bila kugeuka.

"Vuta waya mwekundu!"

"Ziko mbili nyekundu!"

"Ile ya masse, ya kurudi ku chuma!"

"Zote zinarudi ku chuma!"

"Vuta moja basi!"

Alivuta. Haikutoka, kwa sababu ya gundi yangu. Alivuta tena, kwa mguu uliokanyaga chasisi, nikaona kwadi nzima inatikisika chini yangu. Waya haukutoka. Sijawahi kufanya kazi imara namna ile, na sijawahi kuijutia kazi namna ile. Mke wangu akaanza kulia kwa hasira. Akasema madaktari wataondoka, na mama atarudi kwenye kidimbwi cha mihogo, na yote haya ni kwa sababu sikuweza kukataa taa ya bure.

Ndipo nikasikia sauti ya mama mkwe, tulivu kabisa.

"Leta sufuria."

Maharagwe yakahamia kwenye beseni. Kikasikika kishindo cha bati juu ya chuma, na giza zuri likaanguka nyuma yangu. Mama mkwe alikuwa ameipapasa taa kwa mikono yake, akaifunika kwa sufuria, na akaishika hivyo njia yote mpaka Kamina.

Baada ya muda akasema, "Mwambiye fundi, taa ya mbele ni muzuri. Hata minyi nimeona kama kuko mwangaza. Ya nyuma, njo ya nini?"

"Mama anauliza ya nyuma ni ya nini."

"Mwambiye, ni matabishi."

Akaiweka sufuria sawa juu ya taa. Nadhani aliridhika. Ni mwanamke anayejua adabu.

Madaktari walimpasua jicho moja kesho yake. Siku iliyofuata bandeji ikatolewa, na mimi nilikuwa nje chini ya dirisha, mahali pangu panapostahili. Mke wangu alitoka ameshika ndoo, uso umemwanguka. Daktari alikuwa amemwonyesha mama vidole, akamwuliza ni vingapi, na mama hakujibu. Daktari akamwambia amtazame usoni, mama akatazama mapaja yake. Walimwuliza kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, hata kwa Kiluba kibovu. Bado mapaja. Daktari alikuwa anakwenda kwa mgonjwa mwingine. "Haone," mke wangu akasema. "Bamemupasua bure." Akaenda bombani kuchota maji, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Nilishindwa kukaa. Nilisahau buko, nilisahau kila kitu, nikaingia mpaka mlango wa wodi, nikasimama pale bila kusema neno. Kulikuwa na wanaume wengi ndani. Daktari alikuwa ameinama kitanda cha pili. Mfagiaji alipita na ndoo yake karibu kabisa na miguu ya mama. Mzee mmoja alikuwa anamlisha mke wake uji. Mama mkwe alikuwa ameketi na jicho lake jekundu wazi, hakimbii mtu, na niliogopa, kwa sababu hata kuogopa wanaume alikuwa ameacha.

Akainua kichwa, sasa kwa kuwa hakuna mwanaume aliyemwamuru kutazama. Akamtazama mfagiaji, akamwacha. Akamtazama daktari, akamwacha. Akamtazama yule mzee. Kisha akafika mlangoni. Alishtuka, akanyakua kitenge, akajifunika kichwa chote na kugeukia ukuta.

Nilikimbia mpaka bombani. Mke wangu aliniona ninavyokuja akaacha ndoo ikamwagika.

"Nini?"

"Mama amekimbia."

"Amekimbia nani?"

"Minyi," nikamwambia, na nilikuwa nalia mbele ya foleni nzima ya maji. "Wengine wote amewaangalia. Amekimbia minyi peke yangu."